Chanzo cha Nile, Jinja: chagua ukingo kwanza

Njeru, Jumapili jioni

Mgeni anayeteremka bustani ya Chanzo cha Nile kwa mara ya kwanza huwa na swali moja usoni: kiko wapi? Amekuja kutafuta maporomoko, au walau tundu fulani ardhini linalotoa maji. Anachokuta ni maji mapana, ya kijani kibichi, yanayoondoka Ziwa Victoria bila kelele.

Maporomoko yalikuwepo. Speke, mpelelezi Mwingereza, aliyafikia tarehe 28 Julai 1862, akayabandika jina la Ripon, bwana mkubwa wa Kiingereza ambaye hakuwahi kuyaona. Wenyeji tayari walikuwa na mto wao Kiyira na ziwa lao Nalubaale. Kisha likaja bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, nalo likayarudisha maji nyuma mpaka yakaifunika miamba. Ripon iko chini ya boti unayopanda. Ukilijua hilo kabla hujafunga safari, siku yako inabadilika: hutasimama ukingoni ukingoja ngurumo isiyokuja, utautazama mkondo.

Jambo la pili ambalo watu hawaambiwi ni kwamba kuna kingo mbili, na si kitu kimoja. Ukimwambia boda "Source", atakupeleka ukingo wa mashariki, upande wa mji wa Jinja. Huko ndiko kwenye boti, vibanda vya vinyago na vikapu, samaki wa kukaanga, muziki wa wikendi, na sanamu ya Gandhi. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa mtoni hapa mwaka 1948, na sanamu ikazinduliwa 1997. Mnara wa Speke uko ng'ambo, ukingo wa magharibi, huku Njeru. Hakuna daraja la miguu baina ya kingo hizi pale pale chanzoni. Ni boti, au uzunguke na barabara kuu mpaka darajani. Kila wikendi kuna watu wanaolipa kiingilio upande mmoja, kisha wanagundua kwamba picha waliyoitaka iko upande wa pili. Viingilio ni viwili, na bei ya raia wa Uganda, ya Mwana Afrika Mashariki na ya mgeni wa mbali hazilingani, kwa hiyo beba kitambulisho.

Mimi ningepanga kwa kufuata jua. Asubuhi nenda mashariki: jua liko mgongoni, maji yanaonekana rangi yake halisi, na upepo wa ziwa haujaamka. Alasiri nuru inageuka, na anayetaka picha safi ahamie magharibi. Anayetaka machweo abaki mashariki, kwa sababu jua linazama ng'ambo ya mto, mbele yake. Njeru kuna utulivu zaidi. Mashariki kuna chakula zaidi.

Kufika si kazi ngumu, kuwahi ndiko kazi. Kutoka Kampala ni kilomita kama 80, lakini barabara hii haipimwi kwa kilomita. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili zinatosha. Ukiondoka saa mbili na nusu, Nakawa, Kireka, Bweyogerere na Mukono zitakula asubuhi yako yote. Taksi za Jinja, yaani matatu au daladala, ziko paki kuu za Kampala. Taksi ya abiria 14 haiondoki mpaka ijae, basi usidanganyike na gari linaloonekana limebakiza viti viwili; baadhi ya waliokaa humo ni wapiga debe, watashuka mmoja mmoja ukishalipa. Tazama mizigo: abiria wa kweli ana mfuko.

Baada ya Mukono, magari mengi husimama Namawojjolo, na wauzaji watakuja madirishani na kuku wa kuchoma, gonja (ndizi za kuchoma), maji na soda. Kuku achukuliwe akiwa wa moto, na chenji ipokelewe kabla ya kuku, maana dereva hatoi ishara anapoondoka. Kisha Lugazi na miwa yake, halafu msitu wa Mabira. Hapo malori yanayotoka na kwenda Kenya hubanana, na watu hupita penye kona. Usiku njia hiyo iache. Mwenye gari lake anaweza kukata Mukono akapitia Kayunga hadi Njeru: ni ndefu zaidi, lami ni nzuri, malori ni machache.

Anayekwenda ukingo wa magharibi amwambie kondakta mapema kwamba anashuka Njeru. Ukikaa kimya, utavushwa hadi mjini na kulipa boda kurudi. Anayeendelea hadi mjini atavuka kwa daraja jipya, lile la nyaya, lililofunguliwa Oktoba 2018, lenye urefu wa mita 525. Ni zuri, na kusimamisha gari juu yake hairuhusiwi, kwa hiyo litazame ukiwa unapita. Bwawani weka simu mfukoni kabisa. Askari wa pale hawana mzaha na kamera, na maelezo yako ya utalii hayatawasaidia wala kukusaidia.

Sasa boti. Patana mambo matatu kabla mguu haujagusa mbao: bei ni ya boti nzima au ya kichwa, mnafika wapi, na mnakaa muda gani. Ugomvi mwingi wa pale gatini unatokana na la kwanza. Safari fupi inakwenda kwenye kisiwa kidogo chenye kibao, mahali maji yanapoonekana yakibubujika kutoka chini. Ndefu inaingia ziwani na kuzunguka, na hapo ndipo utawaona mnandi wakikausha mbawa, mdiria, furukombe, na kenge kwenye mawe. Jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa vifungo vyote. Lile la kukalia halimwokoi mtu. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, dhoruba za ziwa huja haraka. Nahodha akisema turudi, rudini.

Waongozaji watakuambia kwamba asilimia 30 ya maji yanatoka kwenye chemchemi za pale, na 70 ziwani. Wasikilize, ni hadithi tamu, ila usiiweke kwenye insha ya mtoto. Ziwa lenyewe linalishwa na mvua na mito, mkubwa wao Kagera, ambao vijito vyake vinaanzia Rwanda na Burundi. Chanzo cha Jinja ni mahali Nile inapotoka ziwani, na hilo linatosha. Maji unayoyatazama yana safari ya takriban miezi mitatu mpaka Bahari ya Kati.

Usawa wa maji nao hautulii. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42 na kingo zikamezwa. Mwezi uliotangulia, kisiwa kinachoelea cha mafunjo na matope kiliibana mitambo ya bwawa, nchi nzima ikakaa gizani. Ndiyo sababu picha za zamani za pale hazifanani na utakachokikuta.

Kuogelea? Kando ya ziwa na kwenye maji yaliyolala penye majani kuna konokono wa kichocho. Ukiyaingia, hata kwa kunawa miguu tu, kapime baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ipo na si ghali.

Na tafadhali, msimwombe boda awapeleke maporomoko ya Bujagali. Yalifunikwa na bwawa la megawati 250 yapata mwaka 2011, ingawa vitabu vya zamani bado vinayasifia. Anayetaka maji yenye hasira ashuke na mto hadi Kalagala na Itanda, ambako ndiko boti za mpira zinakochezewa siku hizi.

Kurudi Kampala Jumapili, toka kabla ya saa tisa. Baada ya hapo foleni ya Mukono inaanza kukungoja. Wa Kenya wasimame Amber Court, mabasi ya Nairobi yanapita hapo, mengi usiku. Kata tiketi mchana, na mwambie wakala unapandia Jinja, la sivyo kiti chako kitakuwa kimeshakaliwa tangu Kampala.