Kadogo, lakini kelele zake!

Jamani, kile kikompyuta changu cha mezani, kile kidogo kama boksi la halua, kimenitoa roho wiki hii. Nakiwasha tu, vuuuu! kama mashine ya boti inayotoka gatini. Juzi mteja kaja kuchapisha barua, akaniuliza, "Kaka, hiki hakitaruka?"

Jana baada ya Isha nikashika bisibisi. Kufungua kifuniko, Subhanallah! Vumbi la chokaa la kuta zetu hizi, nywele za paka (Lamu hii paka ana kiti chake kila ofisi), vyote vimegandana na unyevu wa chumvi mpaka vikawa kama sufi. Hewa itapita wapi?

Na feni yenyewe ndogo, haifiki upana wa kiganja. Feni kubwa husukuma hewa ileile kwa kuzunguka polepole. Hii lazima ikimbie, ndipo inapopiga mluzi. Nikayazuia mapanga yake kwa kijiti yasizunguke, nikapiga brashi ya rangi, nikaifuta ile dawa ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa (ndiyo ubongo wa kompyuta), nikatia mpya kiasi cha punje ya mbaazi.

Kosa jingine langu mwenyewe: nilikisokomeza ndani ya kidaka cha ukutani kwa kupenda urembo. Kikawa kinavuta joto lake lilelile. Nimekitoa, kiko mezani karibu na dirisha.

Kwenye kazi nzito ya picha bado kinaguna kidogo. Lakini leo nimemsikia punda akilia kule njiani, na mama hajapandisha sauti ya redio hata mara moja.