Siku yangu moja ya udadisi: shule isiyopewa kitu na mtoto asiyekuwepo

Nafanya kazi ya udadisi, yaani kuhoji na kupima watu kwa ajili ya utafiti, kwenye tathmini za miradi ya elimu. Vijijini wananiita mkaguzi, wengine mtu wa sensa kwa sababu ya kishikwambi, wengine wanaamini nimetumwa na TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Ukisoma taarifa inayosema mradi fulani umeinua usomaji wa watoto, ujue kuna watu walikaa chini ya mti na mtoto mmoja mmoja, wakimsikiliza anavyosoma. Watu hao ni mimi na wenzangu. Siku ninayoisimulia ni ya wiki iliyopita, huku kwetu Lushoto.

Saa 11 alfajiri. Nyumba ya wageni, Mlalo. Baridi ya Usambara hainishangazi, nimezaliwa huku. Nakagua chaji ya kishikwambi, kadi za kusomea zikiwa kwenye mfuko wa plastiki, saa ya kuhesabia dakika, penseli, orodha ya majina, barua za kibali. Chai, maandazi mawili, bodaboda.

Saa 1 asubuhi. Ofisi ya mtendaji wa kijiji: kitabu cha wageni, barua ya mkoa, barua ya wilaya, muhuri. Anaipigia simu shule kwamba tunakuja.

Saa 2. Hapo ndipo asubuhi iliponasa.

Mwalimu mkuu alikuwa ametuandalia watoto, tena vizuri: sare safi, wamenyolewa, wamepangwa mstari nje ya ofisi. Nikamwamkia, nikamshukuru, kisha nikatoa orodha yangu. Wengi wa wale waliopangwa hawakuwemo. Majina ya orodha yetu yalipatikana kwa kura mwanzoni mwa mwaka jana, tukawapima wakati ule, na mwaka huu lazima tuwapime walewale, awe hodari au awe bado anahangaika na silabi.

"Binti yangu," akasema, "hawa niliokuwekea ndio wanaojua. Hao wa kwako watatuaibisha."

Nikamweleza kwamba jina la shule halitatokea popote kwenye taarifa. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa lililokuwa linamkaa kooni. Mradi tunaoutathmini unawapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma badala ya darasa walilomo, kwa saa moja kila siku. Wazo hilo lilianzia India kwa shirika la Pratham. Shule ya ng'ambo ya bonde imeupata mradi: semina kwa walimu, vitabu vya hadithi, mtu wa kuwatembelea. Shule yake haikupata, kwa kuwa kura iliiangusha upande wa ulinganisho.

"Wenzetu wamepewa dawa, sisi mmetupa maji," akasema. "Halafu mnakuja kutupima homa. Mnatupima nini?"

Swali hili nimeulizwa na walimu wengi, na kila mara nalijibu kwa heshima kwa sababu ni la haki. Nilimwambia kwamba bila shule yake hatutajua lolote. Watoto wa ng'ambo wakisoma vizuri zaidi mwaka huu, nani atasema ni mradi au ni kwa kuwa wamekua mwaka mmoja, au mvua zilikuwa nzuri wakashiba, au serikali ilileta walimu wapya wilaya nzima? Yote hayo yamepita na kwake pia. Kilichozidi kule, tukishalinganisha shule zote za kura, ndicho cha mradi.

Nikampa mfano wa hapahapa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha mradi wa majaribio wa KiuFunza kwenye shule 350 za wilaya 10. Baadhi zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, nyingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu majaribio, nyingine zikapata vyote viwili. Shule 140 hazikupata chochote. Watafiti walipolinganisha, ruzuku peke yake haikuinua ufaulu. Vitabu vilinunuliwa, watoto wakabaki palepale. Bonasi peke yake matokeo yake hayakueleweka vizuri. Vilipokwenda pamoja, watoto wakajifunza zaidi kwa kiwango kinachoonekana. Bila zile shule 140 zilizopimwa bila kupewa kitu, leo tungekuwa tunabishana kwa hisia tu.

Alisikiliza. Akauliza swali la mwalimu hasa: "Na vitabu kutosaidia, sababu nini?" Nikamsimulia ya Busia, Kenya, miaka ya 1990, ambako shule zilipewa vitabu vya kiada na wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza na watoto wengi hawakuweza kuvisoma. Mmoja wa watafiti wa kazi ile, Michael Kremer, alipata Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa njia hiihii ya kupima miradi kwa kura.

Mwalimu mkuu akamwita mwalimu wa zamu. "Wachukue watoto wa orodha ya dada." Ilikuwa imekaribia saa nne, na nilikuwa nimepanga kuanza saa mbili na nusu.

Saa 4 hadi saa 7. Mtoto anakaa, namsalimia kwa Kisambaa ili moyo utulie, namweleza kwamba mtihani huu hauna alama za darasani na akitaka anaweza kukataa. Silabi, maneno, aya, hadithi, maswali ya hadithi. Dakika inahesabiwa, uso wangu hauonyeshi kitu. Maelekezo naweza kuyatoa kwa lugha ya nyumbani, kusoma ni Kiswahili. Mmoja baada ya mwingine hadi mgongo unauma.

Orodha ikaisha, wakabaki watatu wasiokuwepo. Kwenye daftari la mahudhurio wote watatu walikuwa na alama ya kuhudhuria wiki nzima. Daftari si la kuaminiwa. Ndiyo maana kwenye utafiti maarufu uliopima kama dawa za minyoo zinaongeza mahudhurio, Busia hiyohiyo, wadadisi walikuwa wanafika shuleni bila taarifa na kuhesabu vichwa kwa macho.

Wawili tuliwapata guliani, wanauza kabichi na karoti pamoja na wazazi wao, tukawapima pembeni. Wa tatu alikuwa msichana, na hakuna aliyejua aliko.

Wengi wanauliza kwa nini mtoto mmoja atafutwe hivyo. Asiyekuwepo si mtoto yeyote tu. Mara nyingi ndiye anayesoma kwa shida kuliko wote, ndiyo sababu shule ilimchosha. Nikimwacha, wastani wa shule hii unapanda bila mtu yeyote kujifunza hata neno. Na fikiria mradi wa ng'ambo ukiwa umefanikiwa kuwabakiza darasani watoto dhaifu, huku kwetu wakiwa wametoweka kwenye hesabu. Shule iliyofanya vizuri itaonekana imeshindwa, na mtu wa ofisini atakata fedha za kitu kilichokuwa kinasaidia.

Tukaanza na bibi yake, juu kabisa ya kitongoji, njia ambayo bodaboda ilikataa kwa utelezi. Nilimkuta anapalilia maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuniandika?"

Alimaanisha kaya maskini. Alikuwa amesubiri kuandikwa muda mrefu, na alipoona kishikwambi akaweka jembe chini na kufuta mikono. Hapo ndipo kazi hii inaponiuma kuliko kupanda mlima. Ilinibidi niseme wazi, polepole, kwamba sikuja kuandika mtu, sina msaada, na nikimpima mjukuu wake hakuna kitakachoongezeka nyumbani. Kumwacha na tumaini la uongo ili anijibu haraka ni wizi. Akakaa kwenye jiwe. Akaniambia mtoto yuko kwa mama yake mdogo, ng'ambo ya korongo, analea.

Tukashuka korongo, tukapanda. Mvua ikatukuta katikati. Sikumbuki tulifika saa ngapi, najua jua lilikuwa limejificha na miguu ilikuwa inatetemeka.

Msichana alitoka jikoni akiwa na mtoto mgongoni. Mama mdogo alikubali, naye mwenyewe akakubali, lakini mtoto hakutaka kushushwa, basi akasoma naye akiwa mgongoni, akimtikisa taratibu. Silabi zikapita. Maneno yakapita, kwa shida. Kwenye aya akasimama neno la tatu, akarudi mwanzo, akasimama tena palepale.

"Anajua huyo," mama mdogo akasema. "Mwandikie anajua."

Nikamwomba kwa adabu anyamaze hadi tumalize. Dakika ikaisha. Kiwango chake kilikuwa kilekile cha mwaka jana.

"Dada, nirudie?" msichana akauliza.

Kanuni ni mara moja tu, kwa kila mtoto, kila shule. Ningempa nafasi ya pili yeye, wengine wote ningewadhulumu. Na kadi siwezi kumwachia, kesho inasomwa shule nyingine. Nikamwambia amejitahidi, na amejitahidi kweli, nikairudisha kadi kwenye mfuko. Nikaandika "maneno".

Giza lilikuwa limeingia tulipoifikia bodaboda. Mlalo mtandao ukasumbua, madodoso yakapanda moja moja huku nimekaa na soksi zilizolowa. La mwisho lilipofika, msimamizi akapiga: kwa nini dodoso moja limejazwa jioni, mbali kabisa na shule? Alikuwa sahihi kuuliza, kwa kuwa wapo wanaojaza majibu wakiwa wamelala gesti. Nikamweleza korongo lote. Akasema sawa, keshokutwa atampeleka mdadisi mwingine kuhakiki.

Nikampigia mama mdogo kumtaarifu kwamba mwenzangu atakuja kumuuliza kama kweli nilifika, asishtuke, amjibu alivyoona. Akasema hamna shida, ila mwenzangu aje kabla ya saa nne, baada ya hapo wote watakuwa shambani.