Siku moja kazini: kutafuta mota inayolifaa jiwe la kale

Saa 12:30 asubuhi. Leo natafuta mota, yaani mchanganyiko wa chokaa na mchanga unaoshika mawe, wa kuziba ufa katika ukuta wa kale. Nafika ukutani kabla jua halijapanda. Mwanga wa saa hizi unatoka ubavuni, kwa hiyo kila ufa na kila ganda lililoinuka linaonyesha kivuli chake. Jua likishapanda juu, nusu ya haya hayaonekani tena.

Ukuta ni wa mawe ya chokaa, laini, yenye vitundu vidogo vingi. Katikati pana ufa wa mshazari uliokata mawe mawili. Chini yake pana ufa mwingine uliozibwa kwa saruji miaka mingi iliyopita. Saruji hiyo ni nzima kabisa. Jiwe linaloizunguka ndilo lililomomonyoka, likaiacha imetokeza kama mfupa. Inaniuma kila nikiliona, maana jiwe lile halirudi.

Saa 1:30. Msaidizi wangu anauliza, "Fundi, kwani saruji si ndiyo yenye nguvu? Si ingeshika zaidi?"

Namwonyesha ule ufa wa chini. Maji huingia ukutani kwa mvua au hupanda kutoka ardhini, na lazima yatoke. Mota ya chokaa huyapitisha, na chumvi iliyomo hukaukia humo humo kwenye mota. Saruji ya Portland, ile saruji ya kawaida ya madukani, iliyopewa hataza mwaka 1824, ni ngumu na haipitishi mvuke kwa urahisi, tena inakuja na chumvi zake. Maji yakizuiwa pale hutokea kwenye jiwe, chumvi inaganda chini ya uso wake na kuubandua. Ndiyo maana mota yetu lazima iwe dhaifu kuliko jiwe. Kikilazimika kuharibika kitu, iharibike mota. Mota hubadilishwa.

Saa 2:30. Je, ufa unatembea? Tulishapaka vipande vyembamba vya jasi kuvuka ufa. Hakuna kilichokatika. Vingekatika, nisingegusa mwiko leo. Ningetafuta kwanza chanzo: msingi uliotitia, mzizi, bomba linalovuja, au chuma kinachopata kutu ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na hilo hupasua jiwe. Pale Parthenon, hekalu la kale la Athens, vibano vya chuma vilivyotiwa na warekebishaji wa mwanzoni mwa karne ya 20 viliipasua marumaru, ikabidi kuweka vya titani, metali isiyopata kutu.

Saa 4:00. Natoa kipande kidogo cha mota ya asili kutoka ndani ya kiungo, mahali ambapo mvua haijafika. Kwanza nakivunja na kukitazama kwa lenzi: madonge meupe ya chokaa, mchanga wa njano wenye chembe kubwa kwa ndogo, vipande vya tofali iliyopondwa. Nusu ya kipande naitia kwenye asidi ili chokaa iyeyuke, ibaki mchanga wa kupima kwa chekeche. Lakini asidi huyeyusha pia kokoto za mawe ya chokaa, ndiyo maana lenzi hutangulia. Anayeruka hatua hiyo atapata hesabu ya uongo.

Saa 6:00 mchana. Vipande vya majaribio tulivyotengeneza mapema vimekomaa. Vyote ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Tofauti ni chokaa yenyewe. Kimoja ni cha chokaa ya kawaida iliyozimwa kwa maji, vingine ni vya chokaa ya haidroliki, ile inayoganda hata penye unyevu. Hii huuzwa kwa namba 2, 3.5 na 5, yaani nguvu ya kuhimili mgandamizo, kwa megapaskali, baada ya siku 28. Wengi hawajui kwamba namba hiyo ni kiwango cha chini tu: ya 5 inaruhusiwa kufika 15. Kwa jiwe laini kama hili, naiweka kando bila kubishana.

Nadondosha maji juu ya kila kipande na juu ya jiwe. Cha namba 2 kinakunywa haraka kuliko jiwe, na msumari unakikwaruza kabla ya kulikwaruza jiwe. Nachagua hicho, pamoja na unga kidogo wa tofali.

Saa 8:30. Kivuli kimefika. Tunasafisha ufa kwa brashi na maji, tunalowesha jiwe lishibe ila lisitiririke. Jiwe kavu hunyonya maji ya mota, na mota hubaki unga. Penye ufa mwembamba tunaingiza uji wa chokaa kwa bomba la sindano, kuanzia chini kwenda juu. Penye upana tunajaza kwa tabaka la sentimita moja, si zaidi.

Saa 11:00 jioni. Magunia mabichi yanafunika kazi. Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka kilichoongezwa kipatane na cha kale lakini kitambulike, kwa hiyo tabaka la mwisho litakaa ndani kidogo ya uso wa jiwe.

Daftarini naandika vipimo, mchanga, na tabaka zilizobaki. Kuhusu ile saruji ya chini naandika: ising'olewe kwa patasi, itaondoka na jiwe. Iachwe hadi ilegee, na kingo zilizomomonyoka zijazwe kwa mchanganyiko huu huu.