Waridi la jangwa halifi kwa kiu

Waridi la jangwa, yaani adeniamu, ni mmea wa kwetu. Huota wenyewe kwenye nyika na miamba ya Kenya na Tanzania, hukaa miezi bila tone la mvua, kisha hutoa maua hata kabla majani hayajarudi. Ukiuona umenyong'onyea barazani, usikimbilie ndoo. Bonyeza kwanza lile bonge la shina chini. Limenywea lakini ngozi ni kavu? Hiyo kiu. Likibonyea kama papai lililoiva kupita kiasi na kutoa maji ya kahawia, limeoza.

Chanzo karibu kila mara ni udongo wa bustani unaoshika maji. Changanya sehemu 2 za mchanga wa mto wenye chembe kubwa (wa baharini una chumvi), 1 ya matofali yaliyopondwa kufikia punje za mahindi, na 1 ya mboji iliyoiva. Mwaga maji: yakituama juu badala ya kuzama papo hapo, ongeza matofali. Kisahani chini ya chungu kitupe. Mwagilia udongo ukikauka hadi chini. Masika, sogeza chungu chini ya paa. Nyanda za baridi, Juni hadi Agosti, majani yakidondoka, punguza maji hadi karibu uyaache kabisa.

Limeshaoza? Vaa glavu, maana utomvu wake ni sumu iliyokuwa ikipakwa kwenye mishale. Ng'oa, osha mizizi, kata kwa kisu kilichofutwa spiriti hadi nyama iwe safi bila hata kidoa cha kahawia. Kidoa kimoja kikibaki, kazi bure. Paka majivu, kausha kivulini siku 7 hadi 10, panda, na usimwagilie kwa wiki moja zaidi.

Majani tele bila maua ni kivuli, au umezidisha mbolea ya urea. Mmea unataka jua saa 6 kwa siku. Ua hutoka kwenye ncha za matawi machanga, kwa hiyo pogoa: ncha zikiongezeka, maua nayo yataongezeka. Anayetaka bonge nene apande mbegu. Kipandikizi, yaani tawi lililokatwa na kupandwa, huchanua mapema ila hubaki chembamba.

Majani yakiliwa usiku mmoja hadi vikonyo, tafuta kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili kama macho. Mtoe kwa mkono, dawa haihitajiki.