Kachupa ka karafuu ka mamdogo

Mamdogo wangu wa Kongwa alikaa na uvimbe kwenye titi miezi mitano hajamwambia mtu. Tumekuja kujua alipokuja huku Dodoma mjini kwenye msiba, naingia chumbani namkuta anajipaka kitu, chumba kizima kinanukia karafuu kama jikoni siku ya pilau. Kachupa kadogo ka kahawia kamezibwa na kitambaa. Na ngozi ya titi imebabuka, nyekundu, kama kamwagikiwa maji ya moto, maana mafuta ya karafuu ukipaka hivyo hivyo bila kuyachanganya na mafuta mengine yanaunguza kweli.

Kauziwa mnadani, kaambiwa wataalamu wameshathibitisha yanaua kansa.

Kinachoniuma ni kwamba aliyemuuzia hakutunga yote. Maabara wameshajaribu mafuta ya karafuu, mchaichai, ubani na mimea mingine kibao, na seli za kansa ya matiti zikafa. Ila zimefia kwenye kisahani jamani! Seli wanazotumia sana zinaitwa MCF-7, zilitolewa kwa sista mmoja Marekani mwaka 1970, mwenyewe alishafariki zamani lakini seli zake mpaka leo wanazikuza. Zile unazimwagia dawa moja kwa moja, hazina ngozi ya kuzikinga, hakuna ini la kuivunja hiyo dawa njiani, hata chumvi ikizidi pale zinakufa. Titi la mamdogo sio kisahani. Na mpaka sasa hakuna mafuta ya kunukia yaliyopimwa kwa wagonjwa yakaonekana yanaponya kansa ya titi.

Mitishamba siidharau kabisa. Paclitaxel, hiyo dripu ya kansa anayowekewa mamdogo hospitali sasa hivi, asili yake ni magome ya mti unaoota Marekani, walianza kuichunguza miaka ya 60 na ikaja kuruhusiwa kwa kansa ya matiti 1994. Miaka 30 hiyo, wanatafuta dozi, wanaangalia inamdhuru vipi mtu, wanapima kwa wagonjwa wenyewe. Ya mnadani nani alimpimia dozi?

Daktari alipomuuliza uvimbe ulianza lini akahesabu kwa kilimo, ulianza tunapalilia mtama, na sasa tumeshavuna. Daktari akanyamaza kidogo akaandika.

Juzi kawekewa dripu ya tatu. Kachupa kake kapo juu ya kabati langu, alitaka nikatupe nikakataa, nimemwambia jino likimuuma tutakatumia.