Jinsi nilivyofanya seli shina ziingie ndani ya gegedu la ng'ombe

Miezi minne ya kwanza sikupata chochote. Naandika haya kwa ajili ya mwanafunzi mwingine atakayekwama pale pale.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili Gothenburg, Uswidi. Mji huo una historia yake: mwaka 1987 madaktari wa huko walianza kuchukua seli za gegedu (tishu inayoteleza inayofunika ncha za mifupa kwenye viungo) la mgonjwa mwenyewe, kuziotesha maabara na kuzirudisha gotini. Mwaka 1994 wakatoa ripoti ya wagonjwa 23. Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likichimbika halijizibi lenyewe kama kidonda cha ngozi. Mimi nilitaka kuzipa seli nyumba kabisa: gegedu la ng'ombe lililotolewa seli zake, libaki kiunzi tu cha kolajeni (protini ya nyuzinyuzi), kisha nipandikize seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kutoka uboho wa mifupa ya binadamu.

Magoti ya ng'ombe yalikuja siku ileile ya kuchinjwa. Nilichonga kwa kisu cha upasuaji lile tabaka la juu, jeupe na linateleza kama nyama ya dafu, ila ukilibana kwa kucha halibonyei. Nililigandisha na kuliyeyusha mara kadhaa ili seli zipasuke, nikaliloweka kwenye SDS, sabuni ileile inayotoa povu kwenye dawa nyingi za meno, kisha nikaweka kimeng'enya cha kukatakata DNA iliyobaki. Kipimo tulichofuata ni DNA isiyozidi nanogramu 50 kwa kila miligramu ya tishu kavu. Nilifika hapo, nikafurahi, nikapandikiza seli.

Kesho yake chini ya hadubini kila kitu kilikuwa chekundu. Kwa rangi tuliyotumia, seli hai huwa kijani na iliyokufa huwa nyekundu. Sabuni ilikuwa imebaki ndani. Tangu hapo nikawa nasuuza siku tatu, nabadilisha maji asubuhi na jioni, na kabla ya kuendelea natikisa chupa: povu likionekana hata kidogo, narudia.

Seli zikaanza kuishi, lakini juu tu. Nilipokata kipande katikati nikaona zimejitandaza juu kama mkeka, ndani hakuna hata moja. Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, nikiongeza idadi ya seli na siku za kusubiri, wakati tatizo halikuwa seli. Matundu ya gegedu ni madogo mno kuliko seli yenyewe. Haiwezi kupenya hata ukiisubiri mwaka.

Msimamizi wangu akaniambia, "Lisage." Roho iliniuma kusaga kitu nilichokiosha wiki nzima. Nililigandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali, nikalisaga likawa unga, nikakoroga na maji hadi likawa kama uji mzito, nikamimina kwenye vikombe vidogo na kulikausha likiwa limeganda. Barafu ikiondoka huacha matundu, na kilichobaki ni kama sponji. Sponji za kwanza ziliyeyuka majini. Zilizofuata nilizipasha moto kwenye tanuri la ombwe (lililoondolewa hewa), nyuzi 120 kwa saa 24, zikashikamana.

Nikapandikiza tena, nikaweka TGF-beta 3, protini inayoisukuma seli shina iwe seli ya gegedu, nikabadilisha chakula chake kila baada ya siku mbili tatu kwa siku 21. Sambamba nililea sponji tupu, zisizo na seli, kwa utaratibu uleule. Usiliache hili: kiunzi chenyewe kimetoka kwenye gegedu, kinaweza kushika rangi na kukudanganya.

Siku ya kupaka rangi ya bluu inayoonyesha gegedu, sponji tupu zilikuwa na bluu hafifu. Zenye seli zilikuwa bluu iliyokolea hadi katikati, na kila seli imekaa kwenye kijichumba chake. Nilitoka nje kumpigia mama, Tanga.

"Mwanangu, kwa hiyo goti langu sasa litapona?"

Nilimwambia ukweli. Seli shina hizi zina tabia ya kupitiliza na kuelekea kuwa mfupa, na sponji yangu ukiibonyeza bado ni laini kuliko gegedu halisi. Tena goti lake limesagika lote, wakati hata upasuaji ule wa 1987 ulikuwa wa shimo moja kwenye goti lililobaki zima. Nikamsihi asimpe pesa yeyote anayeuza sindano za seli shina kwa ahadi ya kuotesha gegedu upya. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ng'ombe mmoja anatoa vipande vingapi.