Gurudumu la nyuma linagonga ukikanyaga breki

Corolla yangu, hii Toyota ya toleo la NZE, ilianza kugonga upande wa nyuma kushoto niliporudi Morogoro kutoka Iringa na gunia la viazi na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Ko... ko... ko. Si wakati wote. Mpaka gari liwe kwenye mwendo mdogo na mguu uwe umegusa breki kidogo tu, kama mtu anavyolikaribia tuta. Ukikanyaga kwa nguvu, kimya. Mama watoto akasema ni viazi. Viazi vikashushwa, mlio ukabaki.

Fundi wa kwanza hakuliendesha hata mita kumi. "Kaka, hizo bushi za ekseli. Kama si bushi, shokapu. Badilisha zote ulale usingizi." Mimi neno "zote" likitoka kwenye mdomo wa fundi ambaye hajainama chini ya gari huwa nalisikia kama bili. Nikamshukuru, nikaondoka.

Kwa mlio wa nyuma, masikio hayaaminiki. Bodi la gari linausafirisha mlio, unaweza kuapa uko kwenye buti kumbe uko chini ya kiti. Cha maana ni kuuliza mlio unatoka wakati gani. Kwa hiyo nilianza na vya bure: jeki, spea, vyuma vya buti, vyote nje. Kisha nati za magurudumu, kwa sababu nati iliyolegea nayo hugonga, na hiyo haisubiri kesho. Toyota nyingi ndogo za aina hii nati zake hukazwa kwa Nm 103 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Asiye na spana ya kupimia akaze kwa mkono imara, kwa kupishanisha nati, si kwa kuzunguka duara.

Halafu matuta. Barabara ya Iringa inapokatiza hifadhi ya Mikumi matuta hayana uhaba, na pale hukimbii hata ukitaka. Safari iliyofuata nilikuwa napunguza mwendo mapema, naachia breki, ndipo gari linavuka tuta likiwa huru. Kimya kabisa. Shokapu mbovu haingoji breki, hugonga kwenye tuta na kwenye shimo. Bushi ya ekseli, ule mpira unaoishikilia, ikikatika hugonga mara moja ukikanyaga na mara moja ukiachia. Haigongi kwa mfululizo kufuata mzunguko wa gurudumu.

Kipimo nilichokipenda zaidi ni cha handbreki. Kwenye uwanja mtupu, mwendo wa mtu anayetembea, unabonyeza kitufe cha handbreki usikiachie, kisha unaivuta taratibu. Kwenye gari hili handbreki inavuta shoo za nyuma peke yake, yaani vile vipande vinavyoibana dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Breki za mbele hazihusiki. Ko, ko, ko, ikaitika. Basi ugonjwa uko ndani ya dramu. Nikajaribu hivyo hivyo nikirudi nyuma. Kushoto kimya! Hapo nilikaa kwenye usukani nikifikiri kwa muda, maana kitu kilichovunjika hakijali gari linaelekea wapi.

Nikaweka mawe mbele ya magurudumu ya mbele, nikashusha handbreki, nikainua nyuma, nikatoa tairi. Dramu za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi. Ukiingiza humo boliti mbili za spana namba 12 na kuzikaza kwa kupokezana, dramu inatoka yenyewe bila kupigwa nyundo. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, shoo nyingine bado zina asbesto. Lioshe kwa maji ya sabuni.

Ndani hapakuwa na la kulaumu. Shoo nene, springi zote zipo, silinda ya breki kavu, haivuji. Lile bati nene ambalo shoo zinaliegemea, nalo halijaliwa. Nikapitisha ukucha ndani ya dramu, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukucha ukakwaruza: krrr.

Kumbe ndiyo hiyo. Dramu zote mbili zilikuwa zimechongwa muda si mrefu kabla ya safari ile ya viazi, kwa sababu pedali ilikuwa inatetema kwenye mteremko wa Kitonga. Mchongaji aliyefanya kazi ile alikuwa na haraka. Kisu cha leithi, ile mashine ya kuchongea chuma, kikisogezwa upesi huacha mfereji mwembamba unaozunguka dramu, kama nyuzi za boliti. Ukigusa breki kidogo, shoo inaufuata mfereji ule na kuvutwa kuelekea nje, mbali na bati lake. Springi inavumilia, inavumilia, kisha inairudisha kwa kishindo: ko! Dramu inaendelea kuzunguka, na mchezo unaanza upya.

Na kwa nini kushoto tu, wakati zilichongwa zote? Kwa sababu nyuzi za dramu zote mbili zinakwenda upande mmoja, lakini magurudumu, ukiyatazama kutoka nje, yanazunguka kinyume. Kushoto shoo inavutwa nje, kulia inasukumwa kwenye bati na kutulia. Kurudi nyuma nako kunageuza mambo, ndiyo maana kushoto nilipata ule ukimya.

Nikapeleka dramu kwa mzee mmoja wa leithi. Shikamoo, marahaba, akatazama, akacheka kidogo. Kabla ya kuwasha mashine alipima kipenyo. Dramu hizi zikiwa mpya ni milimita 200 na mwisho wake ni 201, na namba hiyo ya mwisho imeandikwa kwenye dramu yenyewe. Zikipita hapo ni chuma chakavu. Zangu zilikuwa na nafasi. Akapitisha kisu kwa kina kidogo mno na kwa mwendo wa kinyonga, kisha akamalizia kwa msasa, akiusugua kukatisha nyuzi.

Kama lako linagonga mara moja tu, pale unapotoka kurudi nyuma na kukanyaga breki kwenda mbele, usikimbilie leithi. Hapo mara nyingi shoo zinahama kwenye mkao wao kwa sababu zinapoegemea pamekauka au pamechimbika. Safisha, paka grisi ya breki inayostahimili joto, kidogo sana, na isiguse pale shoo inaposugua. Pamechimbika sana? Badilisha bati.